Taa Iliwaka, Kengele Haikulia

Mji wa Kale, Mombasa
23 Juni 2025

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja

Bwana Meneja,

MINT: KENGELE YA KUITIA MGONJWA MLIYONIUZIA, NA NILIVYOFANYIWA KAUNTANI KWENU

Baada ya salamu, natumai u mzima, na wazazi wako, kama wangali hai, nao ni wazima. Wazazi nimewatanguliza makusudi.

Sitakukumbusha waranti yenu ni ya muda gani wala masharti yake ni yapi. Mliyaandika ninyi, mkayachapa nyuma ya risiti kwa herufi za kupofua macho, na nakala ya risiti hiyo nimeiambatisha. Nakuja kwenye jambo lenyewe.

Jumamosi tarehe 14 mwezi huu, kiasi cha saa tano asubuhi, niliingia dukani kwenu na ile kengele mkobani, pamoja na kitufe chake kisicho na waya. Nilimwambia msimamizi wa kaunta kwamba kengele haikulia usiku ambao mama yangu aliihitaji. Akaipokea bila kuniangalia, akaichomeka kwenye soketi iliyo hapo hapo kauntani, akabonyeza kitufe. Ikalia. Akabonyeza tena, ikalia tena, ule wimbo wake wa kitoto. Akawageukia wateja akasema, "Kengele nzima hii. Mbovu ni mzee." Watu wakacheka, nami nikatoka.

Bwana Meneja, kati ya soketi ile na kidole cha kijana wenu hapakuwa hata na hatua mbili. Kati ya kitanda cha mama na chumba ninacholala mimi pana kuta mbili za mawe ya matumbawe, za chokaa ya kizamani, kila moja unene wake karibu nusu mita. Nyumba zetu ndivyo zilivyo, na yeyote aliyezaliwa kisiwani hapa anajua. Fundi wenu alizijua pia, kwa sababu alikuja akaziona. Alikuja Februari, saa kumi jioni, akanywa chai na mahamri mbele ya mama, akasimama mlangoni mwa chumba akabonyeza, kengele ikalia ukumbini, akafunga begi lake. Nilimuuliza, "Na kitandani je, kule pembeni anakolala?" Akanijibu, "Ni sawa tu shangazi, hii inakwenda mita 300." Mita 300 zimeandikwa kwenye boksi kwa rangi nyekundu. Ubavuni, kwa maandishi ya sisimizi, pameandikwa kuwa ni uwanja wazi usio na kizuizi. Sasa niambie, mgonjwa gani analazwa uwanjani?

Pesa, shilingi 7,500 kwa vitufe viwili na kengele moja, alizituma kaka yangu aliyeko Muscat, na elfu moja ya fundi nikaitoa mwenyewe. Kaka alitaka nipumzike. Mama alipata kiharusi mwaka juzi, upande wa kulia umelala, na sauti yake siku hizi haivuki mlango. Lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili asije akafanya vidonda vya mgongo, abadilishwe daipa, anyweshwe maji. Kabla ya kengele yenu alikuwa akigonga sinia kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto. Mliponiuzia mkaniambia sinia lile nilirudishe jikoni.

Na nitasema haki: Ramadhani nzima sikuwa na la kulalamika. Lakini mwezi ule nilikuwa macho mpaka daku, na jikoni kwangu kunapakana na chumba chake. Kengele nilikuwa nimeihamishia jikoni. Hata angekohoa ningemsikia, kengele haikuwa na kazi. Baada ya Idi ndogo nikaanza kulala chumbani kwangu tena, nayo nikaichomeka humo, na kwa muda ikawa inalia, siku nyingine hailii, nikidhani mama hakuita. Umeme ukikatika nao, ndiyo kabisa. Kengele yenyewe haina betri ndani, ni ya soketi tu, giza likiingia na yenyewe imekufa. Hilo pia hamkulisema, na umeme wa Mombasa mnaujua kama mimi.

Usiku wa kuamkia Jumatano tarehe 11 umeme ulikuwapo. Nasema hivyo mapema ili msijifiche huko. Feni ilikuwa inazunguka. Nililala saa sita nimeshamgeuza, nikaweka simu iniamshe saa nane, na simu sikuisikia, hilo ni kosa langu na nalibeba. Lakini kengele ndiyo niliyoinunua kwa ajili ya kosa kama hilo. Nimeamshwa na adhana ya alfajiri. Nikaenda chumbani kwa mama. Kitanda kitupu. Yuko sakafuni, kati ya kitanda na ukuta, ameketi kwa ubavu, amelowa, na kitufe chenu kiko mkononi. Alijaribu kushuka mwenyewe baada ya kuita na asijiwe na mtu.

Kidole gumba chake cha kushoto kilikuwa na alama ya duara, nyekundu, ukubwa wa kitufe kile kile, na katikati ngozi imevimba. Alama ile ilikaa siku tatu. Nimeipiga picha, picha nimeiambatisha, iangalie kabla hujaendelea kusoma.

Na hii ndiyo sehemu ambayo kijana wenu hakungoja kuisikia. Nilipomuinua mama hakulia. Aliniambia, kwa maneno yake yale ya kuvutavuta, "Niliona taa yawaka, nikasema basi, mwanangu kasikia. Kachoka na mimi." Halafu akanituliza yeye, "Si neno."

Kitufe chenu kina taa ndogo nyekundu. Ukibonyeza, inawaka. Mama aliiona ikiwaka gizani kila alipobonyeza, na fundi wenu mwenyewe ndiye aliyemwambia, nimesimama hapo hapo, "Ukiona taa, bibi, ujue ushasikika." Bwana Meneja, huo ni uongo. Kitufe kile kinatuma tu, hakipokei jibu lolote. Taa yawaka kwa sababu kidole kimebonyeza, si kwa sababu kengele imesikia. Nimekihakikisha: niliichomoa kengele, nikaifungia kabatini, nikarudi kubonyeza. Taa ikawaka vizuri kabisa. Nikampa jirani kengele akaenda nayo mpaka barabarani. Taa ikawaka. Fundi wa redio wa hapa mtaani alipokifungua kitufe akapima ile betri yake ndogo ya volti 12, akaniambia imeshuka. Ikishuka, mawimbi hayafiki mbali, hasa kwenye kuta kama zetu, lakini taa haihitaji nguvu nyingi, itaendelea kukuwakia. Ninyi mlisema betri itadumu mwaka. Huu ni mwezi wa nne.

Kwa hiyo mama yangu hakulala sakafuni tu. Alilala sakafuni akiamini kwamba binti yake anamsikia na hataki kuja. Siku mbili baada ya hapo nilimtia kitufe mkononi akakiweka chini ya mto. Nikaona maji ya jioni hayanywi. Nilipombana akasema hataki kunisumbua usiku. Tulimpeleka hospitali kwa tuktuk, mimi nimempakata, kupigwa picha ya nyonga, Mungu kapitisha, haikuvunjika. Lakini mtu wa kiharusi anayejinyima maji ili asije akahitaji kuita, hilo ni ugonjwa mliouleta ninyi kwa boksi.

Ndipo nikaja kwenu siku ile ya Jumamosi. Nilikuwa sijalala sawasawa tangu Jumatano. Na sikukueleza yote hapo juu, kwa sababu naona haya kuyaandika, lakini sasa nitayaandika. Kijana wenu alipobonyeza mara ya kwanza na kengele ikalia, mimi nilisema, "Si hapo, mwanangu, shida ni ya masafa, na hiyo taa…" Hakuningoja. Akabonyeza mara ya pili, ya tatu, ya nne, huku akiniangalia sasa, kengele ikiimba juu ya maneno yangu kila nilipofungua mdomo. Nilikuwa nikinyamaza ananyamaza, nikianza anabonyeza. Ndiyo waliyoicheka wale watu. Ndipo akasema mbovu ni mzee. Nikamwonyesha picha ya kidole kwenye simu. Akaitupia jicho akasema, "Mama, si angepiga kelele tu? Mnunulie filimbi, hapo nje zinauzwa hamsini." Mwanamke mmoja aliyekuwa akinunua balbu akaacha kucheka. Wengine hawakuacha. Na kitufe alipokirudisha hakunipa mkononi, alikisukuma juu ya kioo cha kaunta kikaenda kikaanguka upande wangu, nikainama kukiokota. Mimi mwanamke wa miaka 52, nimeinama mbele ya watu, nae ameshamwita mteja mwingine.

Nikauliza kuhusu kurudishiwa pesa. Akasema waranti imekufa kwa sababu kifuniko cha betri kimefunguliwa. Kifuniko cha betri! Chombo cha betri kisichoruhusiwa kufunguliwa betri.

Siku ya Jumatatu nilipiga simu ofisini kwenu mara tatu. Mara ya tatu binti mmoja, mpole, sina neno naye, aliniambia suluhisho ni kununua kengele ya pili niitie katikati ya njia, au nitoboe ukuta. Kwenye Mji wa Kale hutoboi ukuta wa mawe bila idhini ya ofisi ya uhifadhi, na hata ningepewa, sitatoboa nyumba ya marehemu babu ili kuiokoa kengele ya shilingi 7,500.

Sasa nayataka haya. Nilipoanza kuandika nilitaka pesa yangu tu, 7,500. Kisha nikakumbuka elfu moja ya fundi, ambaye hakupima kitandani, na 3,200 za hospitali na tuktuk, risiti ziko. Jumla 11,700. Lakini kadiri ninavyoandika naona pesa ndiyo nyepesi. Nataka mwambie wote mliowauzia kengele hizi kwa ajili ya wagonjwa, namba zao za simu mnazo kwa kuwa mnatutumia matangazo kila wiki, kwamba taa ya kitufe si jibu, na kwamba umeme ukikatika kengele haipo. Kwenye boksi muandike hivyo, kwa rangi ile ile nyekundu ya mita 300. Yuko mzee mwingine huko Kisauni au Likoni usiku huu anaitazama taa.

Nilikusudia kuwapa siku 14. Nimeisoma tena aya ya filimbi, nimezipunguza: siku 7 tangu mpokee barua hii. Zikipita, sitapiga simu ya nne. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mnunuzi haki ya kuambiwa ukweli wa kitu anachouziwa na haki ya fidia kikimdhuru, na ipo Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Mahakama ya Madai Madogo inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, inatakiwa iamue ndani ya siku 60, na sihitaji wakili kuingia. Huko sitadai 11,700 tu, nitadai na usiku ule pia, na nitakwenda na boksi, kitufe, kengele, na picha ya kidole. Kengele nitaiomba korti iichomeke ukumbi wa pili. Tutaona nani atacheka.

Jambo la mwisho silipunguzi. Kijana wenu aje kumuomba mama radhi. Asitume ujumbe wa WhatsApp, wala asiletewe mtu wa kumsemea. Mama ameshalirudia sinia na kijiko, na kijiko kinasikika hadi kwa jirani. Aje mchana, avue viatu mlangoni, na kengele asiitafute. Abishe hodi.

Wako,

Mteja wa risiti iliyoambatishwa
(sahihi)

Nakala: Kaka, Muscat, aliyelipa