Vijana, ngoma mnayoitafuta ipo kwa bibi zenu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na vijana wanaotaka kucheza ngoma, hasa wa hapa Dodoma mjini na wa Chamwino, Bahi, Mpwapwa na Kongwa. Mimi ni mama wa Kigogo, mwalimu wa ngoma na mtunzi wa michezo ya jukwaani. Kila shule zikifungwa wananijia vijana, na swali lao karibu wote ni lile lile: mwalimu, haya mambo unayatoa wapi? Wengi hudhani nakesha natazama video za nje. Video natazama, tena nyingine nazipenda sana, lakini kazi zangu hazikuzaliwa huko.

Zimezaliwa uani kwetu. Aliyekulia Ugogo ameona wanawake watatu wakitwanga uwele kwenye kinu kimoja. Mchi wa kwanza ukigonga, wa pili unashuka, wa tatu bado uko juu, na hakuna anayehesabu. Anayechoka anajitoa, mwenzake anaingia, na mapigo hayakatiki. Kutoka hapo nilitunga mchezo wa wasichana sita wasio na kinu wala mchi. Wanainama, wanainuka, wanapokezana nafasi, na kinachosikika ni pumzi na visigino tu. Tulipoucheza mara ya kwanza, akina mama waliokaa mbele walianza kupiga makofi kwenye mapigo yenyewe kabla hatujaingiza ngoma. Nilifurahi mno siku hiyo, maana walikuwa wametambua kitu chao.

Mwalimu wangu mkubwa, hata hivyo, ni muheme. Hii ni ngoma ya akina mama, na asili yake iko kwenye unyago wa wasichana. Mpigaji anaibana mapajani, anaipiga kwa viganja, na huku anacheza. Sasa nyie mnaotaka kuwa wachezaji, hebu fikirini: mtu aliyebana ngoma mapajani atarukaje? Harukii popote. Miguu imefungwa, kwa hiyo kila kitu kinapanda juu, kiunoni, mgongoni, mabegani, mpaka shingoni kwenye shanga. Wazee wetu wa kike walijifungia mlango mmoja wakapata njia nyingine nzuri zaidi. Mimi nikikwama katika utunzi nafanya vivyo hivyo. Namwambia mchezaji: leo mikono usiitumie. Au: usitoke hapo uliposimama. Baada ya muda mwili wake unaleta jambo ambalo mimi nisingeweza kumwelekeza.

Na kwa kuwa nimetaja mabega, niseme kosa ninaloliona kwa karibu kila anayeanza. Anakaza magoti, halafu anayatikisa mabega kwa nguvu zote mpaka shingo inamuuma. Mabega ya Kigogo yanatikiswa na magoti. Legeza magoti, kanyaga ardhi kwa unyayo mzima, acha mtikisiko upande wenyewe. Hilo sikulisoma kitabuni. Nilionyeshwa na bibi mmoja wa Chamwino ambaye alinishika magoti kwa mikono yake miwili na kuyasukuma mpaka yakakubali.

Siku nyingine niliwapeleka wachezaji wangu Kolo, kule Kondoa, kwenye michoro ya miambani. Mahali pale paliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, lakini watoto wengi wa mkoa huu huu hawajafika. Utakuta watu warefu, wembamba, wamechorwa kwa rangi nyekundu, vichwa vimejaa kama wamejipamba kwa sherehe. Vijana wangu walikaa kimya muda mrefu, kisha mmoja akasimama akajinyoosha vile vile. Wakafuata wengine. Kipande kile tunakicheza mpaka leo.

Wazazi nao wanasema ngoma haina maisha. Nawaelewa, kwa sababu mzazi anaogopa njaa. Ila mkumbuke Hukwe Zawose, aliyefariki Desemba 2003. Alikuwa mtoto wa Kigogo wa mkoa huu. Zeze na ilimba (ala ya vipande vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba), vitu vinavyopigwa majumbani kwetu, vilimpeleka kwenye kikundi cha ngoma cha taifa, kisha Bagamoyo, na baadaye kwenye majukwaa ya nchi za mbali. Hakwenda kule kuiga. Alikwenda na cha kwao, nao wakanyamaza wamsikilize. Mwalimu Nyerere, akihutubia Bunge Desemba 1962, alisikitika kwamba wasomi wetu wanajua kucheza rumba na chachacha lakini ngoma za makabila yao hawazijui, na akaunda wizara ya utamaduni. Leo majina ya mitindo yamebadilika tu. Mimi sisemi muache kucheza singeli wala amapiano. Chezeni. Lakini mwenye mtindo wa kuiga peke yake atapitwa mtindo ukipita.

Kwa anayetaka kusoma, chuo kipo. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianza mwaka 1981, na tangu 2007 kinaitwa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Huko utajifunza ngoma za makabila mengine, utajifunza jukwaa, na utatoka na cheti. Ukikosa ada mwaka huu, usikae bure. Mwezi wa saba, mavuno yakiwa yameingia, kuna tamasha la muziki wa Cigogo, yaani wa Kigogo, pale Chamwino. Kaa karibu na wapigaji, usishike simu, tazama miguu.

Usikubali pia mtu akuambie mwili wako haufai. Nilikuwa na kijana muuza maji wa stendi, mnene, mwenye haya, aliyezoea kusimama mstari wa nyuma ili asionekane. Nilimfunga njuga nikamweka mbele. Alipokanyaga, uzito wake ulizifanya zilie mpaka mwisho wa uwanja. Sasa yeye ndiye anayeongoza.

Nina ombi moja kwa wanaotualika. Makao makuu ya nchi yapo hapa Dodoma na wageni hawaishi, na kila mgeni akija tunaitwa tukamchezee. Tunakuja kwa moyo. Lakini watoto wangu wamewahi kusimamishwa juani tangu asubuhi, wakacheza dakika chache mgeni akipita, wakagawiwa soda, na nauli ya kurudi nikaitafuta mwenyewe. Walioandaa shughuli ile ni watu wazuri, sidhani kama walikusudia. Ila anayepanga viti na maturubai apange na kivuli cha wachezaji, maji, na malipo yaliyoandikwa kabla ya siku yenyewe. Fundi wa vipaza sauti halipwi soda. Nanyi viongozi wa vikundi, jisajilini BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, na mdai makubaliano kwa maandishi, hata kama anayewaalika ni jirani yenu.

Mwalimu wa ngoma,
Ipagala, Dodoma