Risala ya Walimu wa Darasa la Tatu na la Nne kwa Mgeni Rasmi: Masika Kama Darasa la Masomo Yote

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu,
Mwenyekiti na wajumbe wa Kamati ya Shule,
Afisa Elimu Kata,
Wazazi na walezi,
Walimu wenzetu na wanafunzi wetu wapendwa,

Asalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha leo. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuacha shughuli zako ukaja kuungana nasi katika siku hii ya taaluma. Meza ulizozipitia asubuhi, zenye chupa zilizokatwa, maharage yaliyoota na grafu za mvua, ni kazi ya msimu mmoja wa masika. Risala hii inaeleza jinsi kazi hizo zinavyofanyika na mahali zinapoharibikia, ili mzazi au mwalimu wa shule ya jirani aweze kuzianza kwa chupa tupu na konzi ya maharage.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kufundisha masomo mengi kwa mada moja ya msimu ni jambo la kawaida katika nchi nyingi. Ulaya na Marekani, walimu wa shule za msingi huipenda mada ya majira ya machipuko: theluji inayeyuka, siku zinarefuka, udongo unapata joto, mbegu zinaota. Kule, kinachoamsha mbegu ni joto. Sisi hapa Tanga tuko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mchana mfupi kabisa wa mwaka haifiki saa moja, na udongo wetu una joto la kuotesha mbegu mwezi wowote. Kinachoamua hapa ni maji. Mtoto anayekariri "kiangazi, masika, kipupwe, vuli" kana kwamba ni yale majira manne ya Ulaya anakariri kitu asichokiona dirishani. Lakini masika ya Machi hadi Mei anayaona, na anayasikia yakipiga bati hadi sauti ya mwalimu inamezwa. Kwa hiyo mada yetu ni mvua yenyewe.

Tuna msimamo mmoja katika kazi hii. Mada haiunganishi masomo kwa sababu tu neno "mvua" limeandikwa katika kila andalio la somo. Mwavuli uliochorwa pembeni ya jedwali la kuzidisha haufundishi kuzidisha. Masomo huungana pale yanapokula chungu kimoja, yaani kipimo kimoja ambacho watoto wamekichukua kwa mikono yao, kikatumika katika Hisabati, Sayansi, Jiografia na Kiswahili. Chungu chetu ni kipimamvua.

Kipimamvua hutengenezwa kwa chupa ya maji ya lita moja na nusu yenye ubavu ulionyooka. Chupa yenye mikunjo au kiuno haifai, kwa sababu milimita moja ya maji kiunoni si sawa na milimita moja ya maji tumboni. Hukatwa pale bega linapoishia, kisha kipande cha juu hugeuzwa bila kizibo na kuingizwa ndani kama faneli. Kitako cha chupa kina mabonde, kwa hiyo hutiwa changarawe kidogo za kuipa uzito, kisha maji hadi yafunike changarawe zote na kufika pale ubavu unapoanza kunyooka. Hapo ndipo huchorwa mstari wa sifuri, na juu yake hubandikwa rula ya karatasi na kufunikwa kwa selotepu. Changarawe zikichomoza juu ya sifuri, kipimo kitasema uongo: maji yatapanda haraka kwa sababu mawe yamechukua nafasi yake.

Chupa hufungwa kwenye kigingi, mdomo wake ukiwa sentimita 30 kutoka ardhini ili matone yanayoruka kutoka kwenye udongo yasiingie. Umbali wake kutoka kwenye jengo au mti uwe angalau mara mbili ya urefu wa kitu hicho. Darasa lenye kimo cha mita 4 linataka chupa ikae mita 8 mbali nalo. Chupa nyingi huwekwa chini ya upenu ili mwalimu aione akiwa mezani, na hapo hupimwa maji ya bati, si mvua ya mbinguni.

Usomaji ni saa 3:00 asubuhi kila siku, saa ileile ya vituo vya hali ya hewa. Mtoto hupiga magoti hadi jicho lake lilingane na uso wa maji. Maji hupanda kidogo kwenye ukuta wa chupa na kushuka katikati, na panaposomwa ni pale katikati, palipo chini. Anayesoma akiwa amesimama huona namba isiyo ya kweli, kwa hiyo wasomaji wawe wawili, kila mmoja aandike yake, kisha walinganishe. Baada ya kusoma, maji hurudishwa kwenye mstari wa sifuri. Siku kavu vilevile hukaguliwa, kwa kuwa jua hukausha maji yakashuka chini ya sifuri, na rasharasha ya usiku unaofuata itaishia kufidia pengo hilo bila kuonekana kwenye rula.

Kosa kubwa kuliko yote hutokea Jumatatu. Maji ya Jumatatu asubuhi ni ya siku tatu, tangu Ijumaa saa 3:00. Watoto huandika sifuri Jumamosi na Jumapili, kisha Jumatatu huandika milimita 36, na grafu inaonyesha gharika ambayo haikutokea. Kugawanya 36 kwa tatu nako ni kubuni. Njia ya kweli ni kuandika 36 na kuweka alama kwamba ni jumla ya siku tatu, na kwenye grafu mhimili huo upakwe rangi tofauti. Hili ni somo la uaminifu wa takwimu, na mtoto wa miaka tisa analielewa vizuri.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Hisabati ndilo somo ambalo mada za msimu hulitupa pembeni, nasi tunaliweka mbele. Darasa la tatu hujumlisha mvua ya wiki na kuchora takwimu kwa picha, tone moja likisimama badala ya milimita 5. Darasa la nne huchora grafu ya mihimili na kwenda hadi kwenye paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili ya maji. Paa linalofunika eneo la mita 12 kwa 6 ni mita za mraba 72. Mvua ya milimita 25 inalipa lita 1,800. Tukitoa moja ya tano inayopotea kwa kuruka, kuvuja na kulowesha bati, zinabaki lita 1,440. Watoto wakishapata jibu hilo hugeuka wenyewe kutazama upenu usio na mfereji. Tahadhari ni moja: eneo hupimwa chini, kutoka ukingo hadi ukingo wa paa, wala si kwa kufuata mteremko wa bati. Mvua huliona paa kutoka juu, na bati likiinuka zaidi haliongezi maji.

Tuta la mahindi nalo ni ukurasa wa Hisabati. Tuta la mita 3 kwa mita 1.5, mstari hadi mstari sentimita 75, shimo hadi shimo sentimita 30. Karibu kila mtoto hugawanya sentimita 300 kwa 30, akapata 10, akachimba mashimo 10, kisha akashangaa kamba imebaki. Nafasi ni 10, mashimo ni 11, kwa sababu shimo la kwanza linakaa kwenye sifuri. Upana una nafasi 2, hivyo mistari ni 3, na mashimo yote ni 33. Tunawaacha wakosee kwanza kwa kamba na vijiti, kabla ya jembe.

Katika Sayansi, maharage huloweshwa usiku mmoja, kisha hubanwa kati ya ukuta wa chupa angavu na karatasi laini iliyokunjwa. Maji ya kina cha sentimita moja tu hukaa chini, mbegu zikiwa sentimita 4 juu yake, na karatasi hunyonya yenyewe. Mzizi huchomoza siku ya pili au ya tatu, nao hupimwa kwa milimita kila asubuhi baada ya mvua kupimwa. Huruma huua mbegu nyingi: mtoto anaongeza maji hadi zinazama, na baada ya siku chache chupa inanuka. Hapo mwalimu asiitupe. Aweke chupa tatu pamoja: moja kavu, moja yenye unyevu, na moja ambayo mbegu zimezamishwa katika maji yaliyochemshwa yakapoa, juu yake tabaka la mafuta ya kula kuzuia hewa. Ile ya unyevu ndiyo inayoota, na darasa linaelewa kwa nini mahindi hunyong'onyea pale maji yanapotuama shambani.

Somo la mbu linaanzia kwenye Kiswahili. Neno kiluwiluwi tunalitumia kwa mtoto wa mbu na kwa mtoto wa chura pia, na wanafunzi huwachanganya katika majibu yao. Waonyeshwe wote wawili, kila mmoja katika chupa yake, ile ya mbu ikifungwa kwa kipande cha chandarua na kumwagwa juani kabla mbu hawajaruka. Kiluwiluwi wa mbu aenezaye malaria hulala sambamba na uso wa maji, wengine huning'inia kichwa chini. Toka yai hadi mbu kamili ni kati ya siku 7 na 14 kwa kawaida, kutegemea joto. Ndiyo sababu makopo na vifuu humwagwa mara moja kila wiki: Hisabati ya siku 7 inajibu swali la afya.

Jiografia na Mazingira inachukua upepo na udongo. Watoto wa pwani wana bahati, maana dira imo katika lugha yao. Kaskazini imetokana na kaskazi, kusini imetokana na kusi, na mwanzoni mwa masika kitambaa juu ya mlingoti huonyesha upepo ukigeuka kutoka kaskazi kwenda kusi. Kuhusu mmomonyoko, chupa mbili hukatwa kwa urefu, moja hujazwa udongo mtupu, nyingine udongo wenye nyasi zilizong'olewa na mizizi yake. Zote huegemezwa juu ya tofali moja na kumwagiwa lita moja kwa kopo lilelile lenye matundu, kutoka kimo kilekile. Kopo likibadilika, anayeonekana mshindi ni kopo, si nyasi.

Kiswahili kina utajiri mwingi hapa. Darasa la kwanza husoma mbegu, mboga, mbolea, mbu. Wakubwa hutofautisha manyunyu, rasharasha na mvua ya mawe kwa kurejea daftari la kipimamvua. "Haba na haba hujaza kibaba" hufundishwa na kibaba mkononi, vibaba vinne vikifanya pishi moja. Kitendawili "nyumba yangu ina nguzo moja" huteguliwa mbele ya uyoga ulioota usiku. Katika Historia, wanafunzi huwauliza wazee wao kuhusu mvua za El Niño za 1997 na 1998: maji yalifika wapi, na njia ipi ilikatika.

Si kila kipindi kiwe cha mvua. Wiki sita zinatosha, vipindi viwili kwa wiki katika kila somo. Kusoma kwa ufasaha na jedwali la kuzidisha viendelee na ratiba yake, la sivyo mtoto atajua mvua na asijue saba mara nane.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto yetu ya kwanza ni tarehe. Azimio la kazi huandikwa Januari, na mvua hailisomi. Ikichelewa wiki tatu, mwalimu hujikuta anafundisha kuota kwa mbegu kwenye vumbi. Tunaomba wathibiti ubora wa shule waturuhusu kuandika wiki za mada hii kwa penseli, zianze pale kipimamvua kitakaposoma milimita 20 ndani ya siku mbili mfululizo. Wahenga walisema mvua za kwanza ni za kupandia, nasi tungependa zitukute na mbegu mkononi.

Pili, tunaomba kipimamvua kimoja cha kiwandani, kikae jirani na chupa zetu ili wanafunzi walinganishe namba na kutafuta sababu za tofauti. Tatu, tunaomba mfereji wa bati wa mita 12 na simtanki la lita 2,000 kwa jengo la darasa la nne. Hesabu ya ukubwa huo wameifanya wanafunzi wenyewe, nayo imeambatanishwa na risala hii.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Walimu wa Darasa la Tatu na la Nne