Mkopo wa mama lishe uende na mwendo wa sufuria

Mhariri,

Mikopo ya halmashauri haina riba. Mikopo ya "kausha damu", ile ya wakopeshaji wa mtaani, ina riba ya kutisha. Lakini ukimtembelea mama lishe wa Tandika, Mbagala au Buza mwenye mikopo yote miwili, mara nyingi utakuta ule usio na riba marejesho yake yamelala, na ule wa ghali umelipwa jana jioni. Watu husema ni kwa sababu kausha damu hubeba hadi magodoro. Hilo lipo, ila si lote. Sisi tunafundisha vikundi vya kuweka na kukopa, na tunakiri kwamba mkopeshaji wa mtaani anaijua biashara ya chakula kuliko wengi wanaotaka kuisaidia.

Tuchukue mfano wa mkopo wa shilingi 100,000 unaorudishwa 130,000 ndani ya siku 30. Kila jioni mama anatoa kama 4,350. Kwa kuwa deni linapungua tangu siku ya kwanza, hakai na laki moja mwezi mzima. Kwa wastani anakuwa na nusu yake tu. Kwa hiyo riba halisi inapita asilimia 50 kwa mwezi, si 30 kama anavyoambiwa. Ni unyonyaji, wala hatuutetei. Lakini 4,350 ya jioni inapatikana, 50,000 ya mwisho wa mwezi haipatikani. Pesa ya chakula huingia saa saba mchana na kutoka saa kumi na mbili jioni ukinunuliwa mchele wa kesho. Hakuna mahali inapokaa ikarundikana.

Tangu mwaka 2018 sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 utaratibu huo ulisimamishwa kwanza, baada ya maswali mengi kuhusu fedha zisizorejeshwa, kisha ukarudishwa mwaka 2024. Tunachoomba ni kwamba vikundi vya mama lishe vikipewa fedha hizi, mkopo ukatwe vipande na marejesho yawe ya kila siku au kila wiki. Mama anayehitaji 500,000 aanze na 150,000, na kipande kinachofuata kitoke baada ya wiki sita za marejesho yasiyokatika. Mweka hazina wa kikundi akusanye 2,000 kila jioni kwa kila mwanachama, au mama alipwe na wateja kwa Lipa Namba, yaani namba ya kupokea malipo kwa simu, na kukata marejesho humo humo kabla hajatoa fedha. Kwa siku 26 za kazi hiyo ni 52,000, bila mtu kukimbizana na mtu.

Na kabla ya kipande cha kwanza, aulizwe taratibu, pembeni, si mbele ya kikundi, anadaiwa na nani. Kama yumo kwenye kausha damu, deni hilo lilipwe kwanza na lilipwe moja kwa moja. Usipouliza, litalipwa hivyo hivyo kwa siri, na daftari litaandika "mchele na mafuta".

Mtaji wenyewe unavuja sehemu mbili ambazo hakuna mkopo unaoziba. Ya kwanza ni upawa. Kilo 5 za mchele zikiiva hutoa kama kilo 13 za wali. Ukipakua gramu 370 kwa sahani unapata sahani 35. Mkono ukiongeza kidogo tu, gramu 60, kwa sababu mteja ni jirani au fundi ana njaa ya kubeba zege, unabaki na sahani 30. Sahani 5 za shilingi 2,000 ni 10,000, na kwa banda dogo hiyo ndiyo faida ya siku nzima. Mama ataapa kwamba ameuza wali wote, na ni kweli. Dawa yake ni bakuli moja la plastiki lisilobadilika: jaza, sawazisha juu, pindua kwenye sahani. Nyongeza ikiombwa iuzwe, hata kwa 500.

Ya pili ni mali kauli, yaani kula leo kwa ahadi ya kulipa baadaye. Mafundi na vibarua wa saiti za ujenzi hulipwa Jumamosi, kwa hiyo wanakula tangu Jumatatu kwa mdomo. Wateja 10 wa hivyo, kila mmoja sahani moja ya 2,000, kwa siku sita ni 120,000 zilizo nje. Gharama ya kupika siku moja ni kama 50,000. Maana yake mama huyu ana mtaji wa zaidi ya siku mbili, ila umekaa matumboni mwa watu. Ukimwongezea mkopo, atakopesha zaidi, kwa sababu sasa ana uwezo wa kukopesha. Kinachosaidia ni kuzungumza na fundi mkuu: mama aandike sahani kwenye daftari, kila mlaji aweke sahihi, na Jumamosi fundi mkuu amlipe mama kabla ya kugawa posho. Asiyekubali kukatwa alipe taslimu. Saiti ikikaribia kuisha, mali kauli isimame wiki moja kabla, maana vibarua wakihama hawarudi kutafuta deni la wali.

Sasa mitungi. Ni jambo jema kwamba mama lishe wanagawiwa majiko ya gesi, moshi wa mkaa na kuni unawaua taratibu. Lakini mtungi wa kilo 6 wenye jiko la kufungia juu yake ni wa chai na mboga ya nyumbani. Sufuria ya wali wa watu 35 juu yake inayumba, na siku ikipinduka atakayeungua ni mtoto aliye karibu. Pili, kwa moto mkubwa mtungi huo unawaka kama saa 30. Anayepika saa sita kwa siku anaumaliza kwa siku tano, kisha anatakiwa atoe fedha ya kujaza kwa mkupuo mmoja, wakati mkaa anaununua kwa kopo kila asubuhi. Ndiyo maana mitungi ya msaada huonekana imegeuzwa kigoda. Anayetaka kusaidia kweli anunue mtungi wa kilo 15, mpira na kidhibiti, na jiko la chuma la kukaa chini lenye miguu mipana. Au atafute gesi ya mita inayolipiwa kidogo kidogo. Penye umeme wa uhakika, jiko la presha la umeme linaivisha kilo moja ya maharage kwa chini ya uniti moja. Kikwazo ni LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ya kuchangia na wapangaji wengine. Bila makubaliano ya maandishi na mwenye nyumba, litaleta ugomvi ndani ya wiki.

Hata kwa mkaa kuna pa kuokoa. Maharage yalowekwe tangu jioni, maji yamwagwe, na nyanya ziingie baada ya punje kulainika, kwa kuwa uchachu wake huchelewesha kuiva. Maji ya kisima yenye chumvichumvi nayo hufanya maharage yagome. Ndoo ya maji ya bomba kwa sufuria hiyo moja ni nafuu kuliko kopo la pili la mkaa.

Limebaki suala la majira. Masika saiti nyingi husimama. Mwezi wa Ramadhani mauzo ya mchana hapa Dar es Salaam karibu yanakufa, na mama anayejua kazi anahamia jioni: mihogo ya nazi, tambi, kaimati, uji. Huo ni mtaji mwingine, wa nazi, sukari na ngano, na unahitajika wiki moja kabla ya mwezi kuandama. Kwa kuwa Ramadhani huwahi kwa kama siku 11 kila mwaka, ratiba ya mkopo iliyonakiliwa kutoka mwaka jana itakosea. Wiki mbili za kwanza za Ramadhani marejesho yapungue nusu.

Tunawaomba maafisa maendeleo ya jamii wa kata waongeze maswali mawili kwenye mahojiano ya waombaji: wateja wako hulipwa siku gani, na ni miezi gani unauza chini ya nusu? Majibu yaandikwe kwenye ratiba ya marejesho kabla mtu hajaweka sahihi.

Wakufunzi wa vikundi vya hisa,
Temeke, Dar es Salaam