Usininyamazie, mwanangu

Mwanangu,

Mdogo wako hana siri, na safari hii namshukuru. Anasema wiki iliyopita ulilala siku mbili bila kuingia darasani, kiuno na miguu vimekukamata. Nawe jioni ile ile ukaniambia kwenye simu, "Mama, mimi mzima, nimechoka tu." Nilisikia unavyovuta pumzi kabla ya kila neno. Nikajiambia ni mtandao.

Baba, sikuandikii kukufundisha sikoseli, ugonjwa wa damu uliozaliwa nao. Una miaka 19 nayo, unaijua kuliko mimi niliyekuzaa. Unajua macho yakianza kuwa manjano na mwili kulegea bila kazi kuna kitu kinakuja. Ninachokuomba ni kimoja tu: usininyamazie. Na huko uliko usimnyamazie mwenzako wa chumbani. Mwambie jina la ugonjwa, mwambie dawa zako zinakaa wapi, mpe namba yangu. Si aibu.

Shida yako unangoja mpaka ushindwe kusimama ndipo useme. Chembe za damu zikishajikunja kama mundu na kuziba vile vimishipa vidogo, hazingoji mtihani uishe. Maumivu yakianza kuchokonoa tu, kabla hayajapamba moto, acha unachofanya. Kunywa maji, jifunike, weka chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa pale panapouma, barafu usiguse. Meza dawa yako ya maumivu kwa saa ulizopangiwa, si mpaka usikie maumivu tena. Paracetamoli ya miligramu 500 isizidi vidonge 8 usiku na mchana, na hesabu pamoja na iliyomo kwenye dawa za mafua. Zile za jamii ya ibuprofeni usizinunue kienyeji, daktari alishakwambia habari ya figo. Kisha nipigie. Hata usiku wa manane.

Ukiona maumivu hayasikii dawa, nenda hospitali. Na kuna mambo hayana kujaribu dawa kwanza: homa ikifika 38.5, kifua kubana au kuuma ukivuta hewa, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, ulimi kuwa mzito, kichwa kuuma ghafla kuliko ulivyozoea. Hayo ni kwenda, saa hiyo hiyo. Kipimajoto nilikifunga ndani ya soksi ya kijivu, kama hujakiona.

Jambo jingine angekwambia baba yako, lakini hayupo, nitalisema mimi. Uume ukisimama wenyewe, unauma, hautaki kulala, na umepita muda wa saa 2, nenda hospitali. Usingoje muda wa saa 4 utimie, unaweza kuharibika moja kwa moja. Wavulana wengi hufa nalo moyoni kwa haya. Basi, nimemaliza hilo.

Ukifika hospitali, neno la kwanza liwe "nina sikoseli," kabla hata ya jina lako, na kadi uitoe. Dawa ya maumivu inatakiwa uipate ndani ya saa moja tangu ufike. Usione unasumbua watu. Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha mtu anaumwa kiasi gani. Kipimo ni kauli yako mwenyewe. Yule mhudumu aliyesema "huyu kazoea sindano" alikuwa amekosea. Ulikuwa na miaka 12, ukageuza uso ukutani. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale nimeshika shuka lako, na sikumjibu kitu. Tangu siku ile ndipo ulipoanza kusema "nimechoka tu."

Na lile la "jikaze, wewe mwanamume" sijui nilikuwa namwambia nani. Wageni walikuwa sebuleni. Usilifuate tena neno hilo.

Haidroksiyurea je, ile dawa yako ya sikoseli ya kila siku? Nilipofagia chumba chako nilikuta kopo halijaisha, na kwa hesabu yangu lilipaswa kuwa tupu zamani. Sikusema kitu maana ulikuwa unafunga mizigo. Ile si dawa ya kumeza siku unayoumwa, mwanangu. Huchukua miezi kujenga kazi yake, na ukiiruka ruka unaanza nyuma. Tafuta kliniki huko, wakupime damu kama walivyokuwa wanakupima hapa. Usiniambie muda hakuna. Ulisoma umelazwa, dripu mkono wa kushoto, kalamu mkono wa kulia, ukafaulu kuliko waliokuwa darasani. Niliposoma jina lako kwenye ile orodha nilikaa chini, miguu ilikataa. Mtu wa namna hiyo hashindwi na kidonge kimoja cha kila siku.

Baridi ya huko nayo. Sweta nzito umeiacha nyuma ya mlango, makusudi naamini, kwa sababu ya rangi yake. Nitaituma. Ivae tu, hata ndani ya shati. Najua mara nyingine sikoseli huja bila sababu yoyote, umekunywa maji, umevaa, umelala, na bado ikakukamata. Ikija hivyo sitakuuliza ulifanya nini. Nilikuwa nakuuliza sana zamani.

Hapa nyumbani hatujambo. Paa la jikoni lilikuwa linavuja, fundi amekuja mara mbili, sasa linavuja mahali pengine. Cherehani imepona. Shangazi yako anakusalimu na anasema umemsahau. Mdogo wako anataka kuhamia kwenye meza yako ya kusomea, nimemwambia akuombe mwenyewe, kwa hiyo atakupigia Jumapili. Mjibu vizuri. Na akikuuliza unaendeleaje, mwambie kweli, maana mimi nitakuwa nimekaa naye.

Mama yako