Kwa nini tunauliza kilo za mtoto kabla ya kukupa dawa ya homa

"Kule stendi nimepewa chupa hiyohiyo, bei poa, na hakuna aliyenihoji kama polisi." Dada mmoja alinitupia maneno hayo juzi hapa dirishani, mtoto mgongoni, wateja wengine wakisikiliza. Si wa kwanza. Kila baridi ya Juni na Julai ikiingia Moshi malalamiko ni yaleyale: duka lenu la dawa lina maswali mengi, mnawauzia watu vipimajoto wasivyoviomba, bei zenu ziko juu. Acha nijibu kwa maandishi, maana foleni ikiwa ndefu siwezi kueleza yote.

Naanza na hiyo "chupa hiyohiyo". Sirapu ya parasetamoli tunayouza sana ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Zipo zenye 250 katika mililita hizohizo 5. Halafu yapo matone ya wachanga, kichupa kidogo chenye kitone, ambayo mililita 1 peke yake inabeba miligramu 100. Kwa nje zote zina picha ya mtoto anayecheka. Mwaka jana bibi mmoja wa Pasua alikuja na kichupa cha matone alichotumiwa na binti yake kutoka Dar, akitaka kingine kwa sababu hicho "kinaisha haraka". Nikamuuliza, bibi, mjukuu unampa kiasi gani? Kijiko kimoja, akasema, kama ile ya zamani. Kijiko cha mililita 5 cha matone yale ni miligramu 500, yaani kidonge kizima cha mtu mzima, kwa mtoto wa kilo 8! Sikumuuzia kitu. Nilimwita kijana wa bodaboda awapeleke hospitali ya Mawenzi, nikamsisitizia bibi aende na kichupa chenyewe ili daktari akione. Mtoto aliangaliwa, akarudi nyumbani salama. Swali moja tu lilitosha, na swali hilo hatulitozi.

Ndiyo maana nataka kilo. Dozi ya parasetamoli ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mtoto, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara nne kwa siku nzima, usiku ukiwemo. Umri unadanganya, nimeona wa miezi tisa mwenye kilo 6 na wa miezi mitano mwenye kilo 8. Kama hukumbuki, njoo na kadi ya kliniki, imeandikwa humo. Mtoto wa kilo 6 anahitaji miligramu 60 hadi 90, ambazo kwa sirapu ya 120 ni mililita 2.5 hadi 3.75. Hapo ndipo bomba dogo lisilo na sindano linapoingia, lile ambalo watu wanasema "mmenibambikia". Vijiko vya chai vya nyumbani havilingani, kuna kinachobeba 3 na kinachobeba 7.

Sasa ile njia ya mkato inayopendwa: kuvunja Panadol ya mkubwa nusu, kuisaga na kuikoroga kwenye maziwa. Nusu ni miligramu 250. Kwa huyo wa kilo 6 ni karibu mara tatu ya kiwango cha juu kabisa, na akipewa hivyo kutwa mara tatu kwa siku mbili, ini ndilo linaloumia. Robo nayo ni 125, bado imezidi. Umeokoa bei ya sirapu, sawa, lakini hesabu na gharama ya kulazwa. Na ukichanganya sirapu ya homa na dawa ya mafua, soma kwanza lebo: dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, kwa hiyo unampa mara mbili bila kujua.

Kipimajoto nakisisitiza kwa sababu kiganja cha mama aliyetoka kufua nguo kwa maji ya baridi kitaona kila mtoto anachemka. Na asubuhi ya Julai mtoto kavalishwa sweta mbili, kofia ya sufu, blanketi, halafu kabebwa mgongoni kwenye daladala iliyojaa. Lazima awe wa moto. Mpunguzie nguo, subiri kidogo, pima kwapani mpaka kilie. Mara nyingine dada anaondoka bila kununua chochote na anafurahi.

Usimmwagie maji ya baridi wala kumfunika kanga iliyolowa. Akitetemeka, joto la ndani linapanda. Spirit ya kupaka ndiyo mbaya zaidi, ngozi ya mtoto inaifyonza. Nyonyesha mara kwa mara, mvalishe nguo nyepesi. Akiwa na homa lakini ananyonya na amelala vizuri, usimwamshe kumpa dawa; dawa hii inamwondolea maumivu, haitibu kilicholeta homa. Aspirini usimpe kabisa.

Ugomvi mkubwa uko kwenye antibayotiki. "Nipe amoksilini, ile ya mwezi uliopita ilimsaidia." Wengine hata wanaleta chupa ileile iliyobaki kabatini. Amoksilini ya unga ikishachanganywa na maji ina wiki moja, mbili ikikaa kwenye friji kama maelezo yanaruhusu. Ya mwezi uliopita ni ya kumwaga. Dawa ya mseto ya malaria nayo siitoi kwa kubahatisha. Kilimanjaro na Arusha ni kati ya mikoa yenye malaria kidogo nchini, homa nyingi hapa mjini si malaria. Lakini Desemba watu wakirudi nyumbani kutoka Dar na Tanga, au mtoto akitoka kwa bibi yake Kahe, hapo nakutuma zahanati upime kwanza. Baba mmoja alinifokea mkesha wa Krismasi, anataka dawa ya mafua tu. Kipimo kilisoma malaria. Alirudi Januari kununua chandarua, hakusema neno, nami sikuuliza.

Na homa haitokani na "meno ya plastiki", yale wanayodai yamejificha kwenye fizi. Anayechokonoa fizi za mtoto kwa spoku ya baiskeli anamwongezea kidonda, na nimonia iliyokuwepo inaendelea palepale.

Kuhusu bei: chupa zetu zinatoka kwa wauzaji wa jumla wenye kibali na zinakaa kwenye kivuli, kwa sababu lebo inasema chini ya nyuzi 30. Ya mezani iliyoanikwa juani itakuwa rahisi, sibishi.

Wapo ambao sitawauzia hata wakilipa mara mbili. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye joto la nyuzi 38, na wa chini ya miezi miwili hata kwapa likisoma 37.5, aende hospitali moja kwa moja, hata kama jana alichanjwa. Wa umri wowote asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyelegea haamki, anayepumua kwa shida au aliyepata degedege, vilevile. Wa degedege mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, na usipoteze muda kutupigia simu. Sisi tunafunga saa tatu usiku. Mawenzi na KCMC hawafungi.