Sidney Poitier hakujiepusha na siasa, Mhariri

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu siku zile lilipokuwa likifika hapa Voi kwa garimoshi, tena likiwa limechelewa siku moja, na kwa miaka yote hiyo sijawahi kukuandikia hata mstari. Nilinyamaza mlipotangaza kifo cha diwani wetu ambaye mpaka leo anakunywa chai pale stendi. Nilinyamaza pia mlipochapisha jibu la fumbo la maneno ambalo halikutosha kwenye visanduku vyake. Makala yenu ya Jumapili kuhusu Sidney Poitier, yule mwigizaji Mweusi wa sinema za Marekani, hata hivyo, imenishinda.

Bila shaka unaikumbuka, kwa sababu ilichukua nusu ya ukurasa wa burudani, na nusu iliyobaki ilikuwa tangazo la magodoro. Nitaanza na madogo. Picha mliyoiweka juu kabisa, yenye maelezo kwamba huyo ni Poitier akitabasamu, ni ya Harry Belafonte, mwimbaji na mwigizaji. Wawili hao walikuwa marafiki wa miaka mingi, lakini urafiki haujawahi kumfanya mtu awe na sura ya mwenzake. Kisha mwandishi wenu anadai kwamba Poitier ndiye Mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar. Hattie McDaniel alikuwa amekwisha kuipata mwaka 1940, kama mwigizaji msaidizi, na usiku huo akaketishwa kwenye meza ya pembeni mbali na waigizaji wenzake Weupe. Alichokifanya Poitier, Aprili 1964, ni kuwa mwanamume Mweusi wa kwanza kutuzwa kama mwigizaji mkuu. Hayo ningeyasamehe, kama nilivyomsamehe diwani kwa kufufuka. Nisiloweza kulisamehe ni ile sentensi ya mwisho, kwamba ukubwa wake ulitokana na kuwa “msanii mpole aliyejiepusha na siasa”.

Mpole alikuwa, sikatai. Katika miaka ya 1960 walikuwapo wakosoaji Weusi waliomlaumu vikali kwa sababu wahusika aliowaigiza walikuwa watu safi kupita kiasi, wasio na hasira wala tamaa, waliotengenezwa ili mtazamaji Mweupe asiingiwe na hofu. Hoja hiyo ina uzito na ningefurahi kuisoma katika gazeti lako siku moja. Lakini upole wa mhusika kwenye sinema ni jambo moja, na mahali mtu alipokuwa usiku kamera zilipozimwa ni jambo jingine, na mwandishi wenu hakujishughulisha kuuliza hilo la pili.

Angeuliza, angeambiwa habari za Agosti 1964. Vijana waliokuwa wakiwasaidia Weusi wa jimbo la Mississippi kujiandikisha kupiga kura walikuwa wameishiwa fedha, na wenzao watatu, James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner, walikuwa wameuawa mwezi wa Juni na miili yao kufichwa ndani ya tuta la bwawa, ambamo ilifukuliwa siku arobaini na nne baadaye. Belafonte akachangisha takriban dola 70,000. Kwa kuwa Mweusi aliyeonekana akipokea fedha nyingi kiasi hicho katika mji wa Mississippi angekuwa amejitafutia kifo, njia iliyobaki ilikuwa kuzipeleka taslimu kwa mkono. Basi akampigia simu rafiki yake Poitier, ambaye wakati huo alikuwa na miezi minne tu tangu apokee ile tuzo ambayo mwandishi wenu ameiimba kuanzia aya ya kwanza hadi ya sita, mtu ambaye angeweza kabisa kujibu kwamba ana mkataba, ana watoto, ana jina la kulinda. Naye akakubali kwenda. Wakazitia noti kwenye mkoba wa aina ile wanayobeba madaktari, wakapanda ndege ndogo, wakashuka usiku katika mji wa Greenwood, na walipoanza safari ya gari kutoka uwanjani lori dogo likatokea gizani likaanza kuwagonga kwa nyuma, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, huku dereva wao akijitahidi kulizuia lisipite mbele, kwa maana walijua kwamba likipita mbele risasi zitafuata. Walifika. Walikuta ukumbi umejaa watu waliokuwa wakiwasubiri, wakaumwaga mkoba mezani, wakalala chini ya ulinzi. Niambie, Mhariri, kama huko ndiko kujiepusha na siasa, wanaojiingiza katika siasa hufanya nini?

Wala haikuwa mara moja. Katika miaka ya 1950, wakati ambapo mwigizaji Mmarekani aliyeshukiwa kuwa na mawazo ya mrengo wa kushoto alikosa kazi mara moja, Poitier alitakiwa atie sahihi hati ya kumkana Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji Mweusi aliyetetea haki waziwazi, na alikataa, ingawa Robeson alikuwa amenyang'anywa pasipoti na kumtaja kwa wema tu kulitosha kumharibia mtu riziki. Mwaka 1966, walipokuwa wakipanga kupiga In the Heat of the Night, ile sinema ya mpelelezi Mweusi katika mji wa Kusini mwa Marekani, alisema hatakwenda Kusini, kwa sababu za Greenwood bila shaka, na watengenezaji wakalazimika kuupigia picha mji huo katika jimbo la Illinois.

Kinachonikera zaidi ni kwamba sisi, kati ya wasomaji wote duniani, ndio tusiopaswa kuandikiwa upuuzi huu. Poitier alikuwa hapa Kenya wakati Hali ya Hatari haijaondolewa, akiigiza kama kijana Mkikuyu anayeingia msituni, katika sinema iliyotoka mwaka 1957. (Sinema yenyewe siitetei, inaitazama vita vya Mau Mau kutoka kwenye baraza la mlowezi.) Miaka miwili baadaye, Tom Mboya alipokuwa akihangaika kutafuta nauli za vijana waliokuwa na nafasi katika vyuo vya Marekani lakini hawana namna ya kufika huko, barua ya kuwaomba Wamarekani michango ilitiwa sahihi na watu watatu: Belafonte, mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, na huyu huyu mpole wenu. Septemba 1959 ndege ya kwanza ikaondoka na wanafunzi 81. Katika waliofuata mwaka 1960 alikuwamo Wangari Maathai. Alikuwamo pia jirani yetu mmoja, ambaye wazee wa kijiji waliuza mbuzi ili apate koti, na ambaye alirudi akanifundisha baiolojia. Mimi nami nikafundisha historia kwa miaka 31. Kwa hiyo, mwandishi wenu anapofuta sahihi ile kwa sentensi moja, mimi naona kama amefuta kitu cha nyumbani kwangu.

Pengine ningejizuia bado, lakini makala hiyo imenikuta na kidonda kibichi. Miezi michache iliyopita nilisafiri hadi Mombasa kwa nauli yangu kuhudhuria jioni ya sinema iliyotangazwa kuwa ya kumuenzi Poitier huyo huyo. Mshereheshaji, kijana mwenye sauti nzuri na suruali fupi, alifungua shughuli kwa maneno yale yale, kwamba tumsherehekee msanii asiyependa siasa. Nilinyoosha mkono. Nikaletewa kipaza sauti, nikafika kwenye neno “Mississippi”, kikachukuliwa. “Asante sana mzee wetu, tuna muda mfupi.” Muda huo mfupi ulitumika kwa dakika arobaini kumkabidhi tuzo ya “msanii mwanaharakati” mwigizaji mmoja wa tamthilia za runinga ambaye simtaji, na ambaye harakati zake, kama zilivyosomwa kutoka kwenye karatasi, zilikuwa tangazo la sabuni linalohimiza usafi na mche mmoja wa mti. Mche huo naujua vizuri, kwa kuwa ulipandwa hapa kwetu Voi kando ya barabara kuu, mbele ya wapiga picha kumi na wawili. Mbuzi waliumaliza kabla ya Ijumaa, na uzio wa kuuzuia haukuwapo kwa sababu uzio haupendezi katika picha. Sinema yenyewe ilianza saa nne na nusu usiku, basi langu likiwa limekwisha kuondoka.

Hapo ndipo neno “mwanaharakati” lilipofikishwa, na kurasa zenu zina mkono katika hilo. Kila wiki nalisoma. Anayegawa madaftari yenye picha yake kwenye jalada ni mwanaharakati. Anayelia mtandaoni kuhusu mafuriko akiwa ameketi hotelini ni mwanaharakati. Aliyebeba noti gizani huku lori likimgonga ni msanii mpole.

Sitaki kulalamika bila kutoa pendekezo. Naomba ofisi yako inunue mkoba wa ngozi wa kidaktari, wa zamani, wenye kufungwa kwa bizimu. Ujazwe magazeti mliyoshindwa kuyauza hadi ufikie uzito wa kilo tano, uwekwe juu ya meza ya burudani. Mwandishi yeyote anayetaka kulitumia neno hilo kumhusu mwigizaji aubebe kwanza, saa tano usiku, kwa miguu, kutoka ofisini kwenu hadi stendi ya mabasi ya Machakos, hiyo ya Nairobi, na kurudi. Akirudi na mkoba, aandike anachotaka.

Na Jumapili ijayo, tafadhali, wekeni picha iliyo sahihi. Poitier ndiye yule mrefu, asiye na gitaa.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Voi