Tusikutane siku ya invoisi tu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme na wakutubi wenzangu tunaonunua databesi na majarida ya mtandaoni, na wauzaji wetu nao wasikie. Biashara hii tunaifanya kama watu wanaoviziana jamani. Mwaka mzima kimya, halafu mkataba umebakiza wiki 2 ndo invoisi inaingia, bei imepanda, ukiuliza imepandaje unaambiwa ndo utaratibu, na bajeti yako ilishapitishwa zamani sasa utaitoa wapi hiyo nyongeza? Unasaini huku roho inauma.

Ila na sisi wanunuzi tuna yetu. Shirika la COUNTER lilianzishwa 2002 makusudi kabisa ili takwimu za matumizi kutoka kwa kila muuzaji zihesabiwe kwa namna moja, lakini wangapi tunazifungua kabla ya asubuhi ya kikao? Mimi mwenyewe niliwahi kumchachamalia muuzaji mmoja kwamba databesi yake haisomwi na tunaikata, kumbe watu wetu wa IT walibadilisha namba za IP za mtandao, zile ambazo mfumo wa muuzaji unatambulia wasomaji wetu, na hakuna aliyemjulisha, wasomaji miezi yote hiyo wanaambiwa hawana ruhusa ya kuingia na mimi nimekaa nahesabu sifuri zangu. Niliomba radhi, aibu tupu.

Halafu hii siri ya bei siielewi. Unakuta kipengele kinakukataza kumwambia mwenzako wa maktaba nyingine umelipa kiasi gani, kwa hiyo kila mtu anabageini gizani peke yake. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Cornell ilitangaza 2011 kwamba haisaini tena vipengele vya namna hiyo, sasa wengine tunaogopa nini? Na kwa vitu vidogo vidogo hata mkataba mrefu hauhitajiki, ipo SERU tangu 2008, maelewano ya pamoja yaliyotolewa na NISO, shirika la viwango la Marekani, mkikubaliana wote kuifuata unaagiza tu bila kusaini leseni (wanasheria hawatapenda, najua).

Yule muuzaji niliyemgombeza siku hizi ananipigia katikati ya mwaka, ananiambia bei inaelekea wapi kabla sijaandika bajeti, na mimi namwambia wasomaji wanakwama wapi. Dakika 20 hazifiki. Hao wengine bado nasubiri simu zao, na wakichelewa nitawapigia mimi.

Mkutubi mnunuzi